Chumba Namba Kumi na Nne

Malipo ya pili ya korosho yalipoingia
nikamwambia Somoe: funga mkoba, twende Mtwara,
tukalale Shangani siku mbili, pale ulipokuwa ukifua.
Akacheka, akaendelea kumenya ming'oko.
Kisha akauliza, bila kuinua uso:
"Tutaingilia mlango gani?"

Enzi za gesi, helikopta zikishuka kama kumbikumbi,
mke wangu alitandika vitanda vya watu wa mitambo,
vyumba kumi na viwili kabla ya adhuhuri.
Nilimngoja geti la nyuma, kando ya mapipa,
na baiskeli isiyo na breki ya mbele.
Hoteli ile niliijua kwa harufu ya viganja vyake:
sabuni, joto la pasi, limau kwa mbali.
Ndani sikuwahi kupaona.

Basi tukaingilia mbele.
Kijana wa mapokezi akatupa vitaulo vya baridi
vilivyoviringwa kama sambusa za harusi.
Nikamtazama Somoe nijue ni vya kula au vya kufutia.
Akajipangusa shingo, taratibu, kama aliyezaliwa navyo.

Chumbani akawa mwenyeji wangu.
"Bomba hilo linatema kutu kwanza, liache litiririke."
"Nyuma ya pazia kuna ufa."
Nikavuta pazia. Ufa upo,
umeongezeka kidogo, kama sisi.

Ndani ya friji ndogo, kichupa cha korosho,
gramu mia, shilingi elfu kumi na nane.
Nikaketi nikapiga hesabu mgongoni mwa menyu:
bei ya mnada, makato ya chama, magunia, dawa ya kupulizia.
Nikagawa, nikazidisha,
nikapata jibu, nikalikunja, nikalitia mfukoni.
Nikala tatu.
Chumvi imezidi.

Usiku kiyoyozi kilikoroma kwa niaba yangu.
Kitanda kipana kama uwanja wa kuanikia,
naye amejibana ukingoni, mguu mmoja sakafuni.
"Sogea."
"Mtandikaji haketi," akasema gizani.
"Ilikuwa sheria. Msimamizi alimkuta Tabia ameketi,
dakika moja, mimba ya miezi saba, miguu imemvimba.
Kesho yake hatukumwona."

Miaka yote ile ya kupakiana baiskeli
hakuwahi kunitajia Tabia.
Sikuwa na neno.
Nikaishika miguu yake, nikaiweka katikati ya godoro,
nikaishikilia hapo mpaka ikakubali.

Alfajiri nikaamka, upande wake umeshatandikwa,
mimi bado nimo ndani.

Saa tatu ukabishwa mlango:
binti mwembamba, jina kifuani, Sikujua.
Akaitazama kona ya shuka, akaifumua kwa adabu.
"Samahani, mama. Siku hizi hatukunji hivi."
Moyo wangu ukaruka. Somoe akapanda nyusi,
akasogea karibu:
"Nionyeshe."

Wakafumua, wakakunja, wakafumua tena,
wakimsema msimamizi mpya, wakimsema wa zamani,
mimi kwenye kiti na joho jeupe la bafuni
kama kadhi asiye na kesi.

Walipomaliza, Somoe akapiga godoro kwa kiganja.
"Kaa."
Binti akatazama mlango.
"Kaa, mwanangu. Chumba tumekilipia."
Akakaa, nusu paja, magoti pamoja.
Nikamsogezea kichupa.
"Kula. Huenda zimetoka shambani kwetu."
Akachukua moja. Akachukua mbili.
Shuka likaingia kunyanzi,
hakuna aliyelinyoosha.

Siku ya kuondoka tulibeba mkoba tukizungumza,
ukarabati wa paa, ada ya mtoto wa mwisho,
na miguu, bila kutuuliza, ikatufikisha kwenye mapipa.
Mlinzi akasimama:
"Wageni hupitia mbele, mzee."
"Tunajua," Somoe akasema,
akaendelea kutembea.